Timazi na Mlango wa Wazamiaji

Msimu ule wa mvua nyingi, shule yetu ya misheni ilipokuwa ikijengewa choo kipya cha walimu, Timazi alikuwa mwanafunzi wa uashi, kijana mwembamba mwenye mwiko mpya na maneno machache. Jina la Timazi hakupewa na wazazi. Tulimpa sisi wanafunzi wenzake, kwa sababu tangu alipokabidhiwa ile kamba yenye kipande cha risasi mwishoni, ambayo waashi huiita timazi na hupimia wima wa ukuta, hakupita mahali bila kuining'iniza. Aliining'iniza kando ya mnara wa kengele, kando ya mlingoti wa bendera, na asubuhi moja, wakati wa sala, kando ya mwalimu wa kwaya, kisha akatunong'onezea kwamba mwalimu ameinama kidogo upande wa mashariki.

Mwenzake katika kazi ile ya choo alikuwa kijana wa useremala, ambaye baadaye akawa shemeji yake, maana Timazi alimwoa dada yake. Mmoja alijenga kuta, mwingine akatia mlango. Choo kikakamilika, kikapakwa chokaa, kikaombewa. Mtu wa kwanza kukitumia alikuwa Mwalimu Mkuu, bwana mwenye mwili wa heshima. Aliingia, akafunga. Alipotaka kutoka ndipo ilipobainika kwamba mlango ulifungukia ndani, na kwamba chumba kile hakikuwa na nafasi ya kuwatosha Mwalimu Mkuu na mlango kwa wakati mmoja. Namna alivyoweza kuingia ni fumbo ambalo hakuna aliyelifumbua hadi leo. Ilibidi ukuta wa nyuma ubomolewe. Kazi hiyo ilipokuwa ikiendelea, mwalimu wa kwaya alitupanga nje tuimbe nyimbo za faraja, na Mwalimu Mkuu, ambaye hakuwa mtu wa kinyongo, akatuitikia kutoka ndani kwa sauti ya besi.

Timazi alisema kosa ni la mlango. Seremala alisema kosa ni la chumba. Wakacheka, kwa kuwa walikuwa vijana, na kila mmoja akabaki na lake moyoni.

Miaka ikapita. Timazi akajenga nyumba za watu wengi, mwishowe akajijengea yake, na shemeji yake akamtengenezea mlango wa mbele: mbao nzito zilizokauka vizuri, bawaba tatu, kitasa cha shaba. Ulikuwa mlango wa kuvutia macho, na ulifungukia ndani. Siku ya kuhamia, mbele ya wageni walioshika vikombe vyao vya chai, Timazi aliufungua na kuufunga, akafumba jicho moja kama afanyavyo akipima ukuta, akasema, "Mlango mzuri. Tumshukuru Mungu tu kwamba Mwalimu Mkuu hakualikwa."

Wageni walivunjika mbavu. Seremala hakucheka. Aliweka kikombe chini na kusema kwamba hataingia tena katika nyumba ile ila kwa mlango ule ule, siku ambayo mwenye nyumba atakuwa amejifunza kunyamaza.

Mtu mwingine angekwenda kuomba radhi kesho yake. Timazi alikuwa mwashi, na mwashi akikasirika hujenga. Kulipopambazuka aling'oa mlango na fremu yake, akavirudisha kwenye karakana ya shemeji kwa toroli, akaliziba tundu kwa matofali, akalipiga lipu na kulipaka rangi. Tangu siku hiyo nyumba ile haikuwa na mlango wa mbele. Ngazi za mbele zilibaki, zikipanda taratibu na kwa adabu kuelekea ukutani, na wageni wapya walizipanda, wakapiga hodi kwenye matofali, kisha wakaelekezwa jikoni na kinyozi wa ng'ambo ya barabara, ambaye aliifanya kazi hiyo kwa furaha isiyo na kifani.

Aliyeumia ni mama mwenye nyumba. Kaka yake hakukubali kuingia kwa mlango wa jikoni. Alikuja kila wiki, akasimama nje ya dirisha, na dada yake akampitishia chai kati ya nondo. Waliongea hivyo mvua na jua, yeye ndani, kaka nje na mwavuli. Mwaka huo ninaousimulia, miguu ya mama ilianza kuvimba, na kusimama dirishani kukamshinda. Siku moja alimwambia mumewe wazi, "Nataka kaka yangu akae kwenye meza yangu kabla miguu hii haijaniweka kitandani. Sikuombi kingine." Timazi alijibu kwamba saruji ikishakauka imekauka.

Ndipo likaja lile boksi.

Shangazi wa mjukuu wao alilinunua barabarani, pale wanapopanga vitu chini juu ya turubai. Ndani mlikuwa na vitofali vya plastiki vya kuunganisha, na juu ya boksi palichorwa nyumba ya wazamiaji chini ya bahari, yenye matumbawe, papa anayetabasamu, na mlango wa duara. Kilikuwa kitu rahisi, na hakikuficha urahisi wake. Pweza alikuwa na mikono saba. Wazamiaji walikuwa wawili na miwani ilikuwa moja. Karatasi ya maelekezo ilianza na msingi, ikafuata na ukuta mfupi, kisha ghafla ikaonyesha nyumba iliyokamilika, wakazi wakipunga mikono.

"Mchoro huu," alisema Timazi akiugeuza juu chini, "umechorwa na mtu asiyewahi kushika mwiko."

"Babu, ni mchezo tu," alisema mjukuu, msichana wa darasa la pili aliyekuja kwao likizo.

"Watu watakaa humu, au hawatakaa?"

"Watakaa."

"Basi si mchezo."

Akaviloweka vitofali vyote ndani ya ndoo hadi asubuhi, kwa sababu tofali kavu hunyonya maji ya udongo na kuudhoofisha ukuta. Mkewe alimkumbusha kwamba plastiki hainyonyi chochote. Alijibu kwamba hilo litajulikana baada ya kulowekwa. Kisha akatoa beseni kubwa la kufulia, akatia mchanga, akajaza maji, akatangaza kwamba hicho ndicho kiwanja. Kujenga nyumba ya baharini nchi kavu na kuitumbukiza baadaye, alisema, ni udanganyifu kwa mteja.

Tatizo likajitokeza mara moja. Kila kitofali alichokilaza kwenye msingi kilipanda juu na kuelea.

"Tofali linaloelea si tofali," alisema kwa uchungu. "Ni bata."

Alichukua tofali la kweli, la kuchoma, akalilaza chini ya beseni, na kuzifunga kuta zake kwalo kwa uzi wa kushonea. Alitumia pimamaji chini ya maji. Alihakikisha maungio yanapishana, kitofali cha juu kikikalia viwili vya chini. Kinyozi alivuka barabara mara kadhaa kukagua, na mara moja alithubutu kusema kwamba papa amekaa upande.

"Papa si wangu," alijibu Timazi. "Mimi niko kwenye ukuta."

Nyumba ilipofika kwenye linta, boriti ya juu ya mlango, mjukuu aliutafuta mlango wa duara. Alilikung'uta boksi, akapapasa ndoo, akamkagua hata pweza kwa chini. Mlango haukuwamo. Ulikuwa juu ya boksi tu.

"Usilie," alisema Timazi. "Tutaziba kwa matofali."

"Halafu wazamiaji wataingilia wapi?"

"Jikoni."

"Hakuna jiko!"

"Basi watasimama dirishani."

Kutoka jikoni kilisikika kicheko cha mkewe, kirefu, kisha kikakatika. Akatoka akijishikilia ukutani, akaketi karibu na beseni.

"Mzee," alisema, "hata baharini unataka kuwasimamisha watu dirishani?"

Timazi aliinamia beseni.

"Mlango ni kazi ya seremala. Mwite seremala."

"Maseremala ni wengi mjini."

"Wa kukata mlango wa ukubwa wa ukucha yuko mmoja, na unajua anakaa wapi. Mimi siwezi kwenda. Ninayo miguu ya kukalia tu."

Timazi aliining'iniza kamba yake kando ya ukuta wa wazamiaji ingawa alikwisha kuupima. Hatimaye alisimama na kwenda kuleta toroli. Mkewe alimshauri aichukue nyumba peke yake na kuiacha bahari. Alikataa katakata. Jengo, alisema, halitolewi kwenye kiwanja chake. Ikiwa ni lazima liende, litakwenda na kiwanja.

Basi wakashika njia, Timazi akisukuma toroli lenye beseni, maji yakimwagika kila shimo, mjukuu akiokota matumbawe nyuma. Kinyozi alipowaona alifunga duka. Mteja wake, aliyenyolewa upande mmoja, akafuata pia na shuka shingoni.

Karakanani, Seremala alikuwa akipiga randa. Nyuma yake, kati ya mbao zilizosimamishwa, ulikuwapo mlango mzito wa bawaba tatu na kitasa cha shaba. Kila kitu mle kilijaa vumbi la mbao isipokuwa huo. Timazi aliuona, akageuza macho upesi.

"Mwambie fundi," alimwambia mjukuu wake, ingawa Seremala alikuwa mbele yake pale pale, "kwamba kuna mlango unahitajika."

"Mwambie mteja," alijibu Seremala, "kwamba nimemsikia, mimi si kiziwi. Mlango wenyewe ni wa wapi?"

"Mwambie ni hapo chini, kushoto kwa pweza."

Mjukuu aligeuza shingo huku na huku mpaka akachoka. "Si mko hapa wote? Mimi nashika papa!"

Seremala alivaa miwani, akainama juu ya beseni, akazungusha kijiti kwenye lile tundu kuchukua kipimo. Alinyanyuka taratibu. "Unafungukia ndani," aliuliza, "au nje?"

Kinyozi akavua kofia.

"Nje," alisema Timazi.

"Ndani," alisema Seremala.

"Shemeji, hii ni bahari. Ukifungukia ndani, maji yatausukuma na wazamiaji watalowa."

"Shemeji, ukifungukia nje, maji yataukandamiza na hawatatoka. Watakwama humo kama..." Akasita.

"Malizia."

"Kama Mwalimu Mkuu."

Maji yaliendelea kudondoka kutoka torolini. Mteja wa kinyozi, ambaye hakujua lolote la mambo haya, alichungulia beseni na kuuliza kwa upole, "Lakini wazee wangu, maji si yamo ndani na nje pia? Pweza yupo sebuleni."

Wazee wawili wakainama, vichwa vyao vikagongana. Ilikuwa kweli. Pweza alikuwa sebuleni, maji yamemfika juu ya kichwa, na bahari haikuwa na neno lolote na mlango.

Seremala alirudi kwenye meza yake ya kazi. Alichonga kibanzi cha mbao hadi kikawa duara, akakiunganisha na fremu kwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, akaingiza mkono majini na kukitia mahali pake. Akakigusa kwa kidole. Kikafungukia ndani. Akakivuta. Kikafungukia nje.

"Kile choo," alisema Timazi, akimtazama papa, "kilikuwa chembamba. Mvua ilikuwa inakuja. Nilipunguza tofali moja kila upande nimalize mapema."

"Nilijua," alisema Seremala. "Nikaona chumba hakitoshi, na ningeweza kuugeuza mlango. Lakini misumari nilikwisha kuipiga, na kwa kweli nilitaka uonekane wewe."

"Nilionekana."

"Mimi nilionekana zaidi." Alipangusa mikono. "Dada hajambo?"

"Miguu. Dirishani hasimami tena. Anataka ukae mezani."

Seremala aliutazama ule mlango kati ya mbao. "Sina mahali pengine pa kuupeleka," alisema. "Ulikatwa kwa kipimo cha nyumba moja tu."

Timazi alifungua mdomo. Kila mtu aliona kwamba alikuwa na la kusema kuhusu mlango ule, na kwamba lilikuwa zuri. Akaufunga mdomo.

Asubuhi iliyofuata alipanda ngazi za mbele na nyundo na patasi, akautoboa ukuta wake mwenyewe. Ukuta ulikuwa wa kazi nzuri na ulimsumbua; mkewe, akiwa ndani kwenye kiti, alisikia akiulaani na kuusifu kwa zamu. Tundu lilipotosha, Seremala alipita humo akiwa amebeba mlango mgongoni, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema kwamba hakuingia nao. Waliitia fremu, Timazi akajaza saruji pembeni, na mlango ukaning'inizwa, ukifungukia ndani.

Habari ya mwisho niliyonayo juu ya Timazi ni ya jioni hiyo. Kinyozi alimwona amesimama kwenye ngazi za mbele na kopo, akiimwagilia saruji mbichi kandokando ya fremu. Shemeji yake alikuwa mezani na dada yake, beseni la wazamiaji kati yao, chai ikiwa ya pili, na alipouliza kupitia mlangoni kama anaweza kwenda nyumbani sasa, Timazi alimjibu kwamba saruji haijakomaa na hakuna mtu atakayepita hapo kwa siku kadhaa. Kisha akachota maji mengine.