Fundi wa Nguo Anayelima Ndani ya Ndoo Kariobangi

Asubuhi, chai ikiwa bado haijachemka, Muthoki anafunua kifuniko cha ndoo kwenye veranda ya ploti yao Kariobangi. Anafunua polepole, kama mtu anayechungulia sufuria ya jirani. Chini ya kifuniko mizizi ya spinachi inaning'inia majini, myeupe kama uzi.

"Habari ya asubuhi, mwanangu," anaiambia. "Umelala poa?"

Udongo hakuna. Kuna ndoo kuukuu za rangi, zimevalishwa kitambaa cheusi cha suti ili mwanga usiingie. Ndani kuna maji yenye mbolea, na kapampu kadogo, kale ka kuwekea samaki hewa, kanatoa mapovu ili mizizi ipumue. Mbegu anaziotesha kwenye vipande vya sponji ya mabega ya koti.

"Spinachi yangu ina mabega kushinda pasta wa kanisa," anasema huku akicheka.

Muthoki ameshona nguo sokoni zaidi ya miaka ishirini. Sasa macho yanakataa sindano.

"Kuna mteja nilimwekea zipu ndani-nje," anasema. "Na alikuwa anaenda harusi! Hajarudi."

Wateja wamebaki kama nusu. Ndiyo maana spinachi hizi si mchezo. Jecinta, mwenye hoteli ya chapati pale chini, alimwahidi kwamba akipenda mzigo wa kwanza, atanunua kila Jumamosi.

Siku chache kabla ya mzigo huo, maji ya mfereji yakaja. Kwenye ploti hii maji yakija, aliye nyumbani huwajazia wote ndoo. Muthoki alikuwa sokoni. Jirani yake Adhiambo, anayeitwa Mama Whitney, akajaza kila ndoo aliyoiona mpaka pomoni, na za spinachi pia.

"Nilimhurumia," anasema Adhiambo. "Niliona maji yameshuka. Nikasema, huyu fundi atakaukiwa na mboga!"

Kumbe nafasi ya vidole vinne kati ya maji na kifuniko huachwa makusudi, mizizi ya juu ipate hewa. Na kabla jua halijageuka stima ikapotea, pampu nayo ikanyamaza. Muthoki aliporudi jioni, majani yalikuwa yamelala na maji yananuka.

"Mama Whitney, umenizamishia watoto!"

"Mboga inazama aje, Muthoki? Si inakunywa maji? Woi, nimefanya nini mimi!"

Walimwaga maji pamoja, wakakata mizizi iliyooza, wakaweka maji na mbolea upya. Nusu ya spinachi haikuinuka tena.

Jumamosi Muthoki akashuka hotelini na mzigo wa kushikwa kwa mkono mmoja.

"Hii ni ya kupikia nani, paka?" Jecinta akauliza.

Muthoki akamweleza yote. Jecinta akacheka mpaka akashika meza. Kisha akatafuna jani bichi.

"Haina mchanga hata punje. Wengine huniuzia mboga pamoja na shamba," akasema. "Leta za wiki ijayo. Lakini zijae, fundi. Hadithi haikaangwi."

Za wiki ijayo ndizo hizi anazosalimia leo, na Adhiambo amekuja kusimama kando yake, mikono nyuma, haruhusiwi kugusa kitu.

"Nataka veranda yote iwe shamba, mimi na huyu mwenye huruma nyingi," anasema Muthoki. "Jecinta akinunua kila Jumamosi, cherehani nampatia mtu mwenye macho."