Nota Ndogo za Doto

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa kalamu ya wino, rula na onyo. Chuo chetu cha muziki pale Shinyanga kilikuwa kidogo, na karatasi za nota tulizopewa msaada zilikuwa zimeliwa na mchwa. Kazi yangu ilikuwa kuzinakili upya kwa mkono. Mkuu wa Muziki, mzee mkali wa chai isiyo na sukari, aliniambia, "Mama Minza, mpiga fidla hana mkono wa tatu. Ukimfanya afunue ukurasa katikati ya mbio, umemmaliza."

Basi nikajifunza kupanga ukurasa uishie kwenye pumziko, pale mpigaji anaponyamaza. Ninyi wa vishikwambi mnatelezesha kidole tu, raha hiyo hamuijui. Nikajifunza pia nota za kuongoza: nota ndogondogo za mwenzako, zinazoandikwa ndani ya karatasi yako wewe ukiwa umenyamaza, ili ujue yeye amefika wapi na wewe uingie lini.

Baadaye nilihamishiwa tawi la Geita, chini ya Mratibu, mama asiyepaza sauti. Huko niliwakuta Kulwa na Doto, pacha wa kike na wa kiume, watoto wa mchimbaji wa Nyarugusu. Mratibu aliwachagulia koncheto ya fidla mbili, muziki mrefu ambamo wapigaji wawili husimama mbele na kundi zima likawaitikia. Niliwanakilia. Kwenye karatasi ya Kulwa niliandika nota ndogo za Doto, na kwenye ya Doto za Kulwa.

Doto alizitazama akacheka. "Kumbe hata nikikaa kimya, huyu bado ananisikiliza."

Tamasha lilipokaribia, Doto alikwenda kumsaidia baba yao kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu. Ardhi ilikuwa imelowa mvua, duara likatitia. Walipomfukua alikuwa ameshakata roho.

Baada ya maziko Mratibu aliniita. "Unganisha sehemu zote mbili, Kulwa apige peke yake. Tusimwondolee na tamasha pia."

Kazi hiyo inafanyika, nimewahi kuifanya mpigaji mmoja alipougua. Safari hii kalamu ilinigomea. Nilikuwa bado nimeinamia karatasi Kulwa alipoingia.

"Shikamoo, Mama Minza."

"Marahaba, mwanangu. Pole sana."

"Usiunganishe, mama. Na zile ndogo zake usizifute. Nitaingia palepale."

Nilimfikishia Mratibu. Alivua miwani, akasema, "Basi iwe hivyo."

Siku ya tamasha nafasi ya Doto iliachwa wazi. Kila zamu yake ilipofika, Kulwa alishusha upinde, akazifuata zile nota ndogo kwa macho, kundi likipiga polepole nyuma yake, kisha akaingia. Hakukosea hata mara moja. Nililia mbele za watu na sikuona haya.

Sasa nimestaafu, na mistari mitano ya nota imekuwa ukungu machoni pangu. Kulwa ni mwalimu. Juzi alikuja na ile karatasi yangu, imechanika kwenye mikunjo. Koncheto ipo kwenye kishikwambi chake, safi kabisa, lakini nota za kuongoza hazimo.

"Nielekeze tu, mama," alisema. "Nitainakili upya mwenyewe."

Nikamwonyesha ukurasa uishie wapi. Nota zake kubwa aliziandika harakaharaka. Alipofika kwenye za Doto mkono ulipunguza mwendo, nami sikumharakisha.