Keki ya Kondoo Iliyotoka Fisi

Harufu ya vanila ikichanganyika na moshi wa makaa hunirudisha Masii, jikoni kwa mama, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Juzi stima zilipopotea, binti yangu alioka keki kwenye jiko la makaa, nami nikasimama mlangoni kama mtoto aliyetumwa akasahau alichotumwa. Siku hizi wananiita mzee, na sikatai. Acheni niwaeleze kilichonisimamisha pale.

Mke wa baba mdogo, Anti Mwikali, alikuwa amezika watoto wawili kabla hata hawajajifunza kukaa. Alipojifungua wa tatu, Susu, yaani nyanya yetu, alimpa mtoto jina la Mbiti. Kwa Kikamba, mbiti ni fisi. Mimi niliona ni jina la aibu, na nilimcheka mtoto huyo kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukumbuka. Lakini mama yangu hakusumbuliwa na jina. Alisumbuliwa na Mwikali mwenyewe. Miezi ilipita bila yeye kumwimbia mtoto wala kumshonea nguo. Alimbeba mgongoni akiwa amefunikwa gubigubi, na mtu akitaka kumwona, jibu lilikuwa kwamba amelala.

"Nataka acheke siku moja tu," mama alimwambia baba. "Moja tu, halafu nitanyamaza."

Siku hiyo ingekuwa ya ubatizo. Baba mdogo, aliyefanya kazi kiwandani karibu na Mlolongo, alitaka keki ya umbo la kondoo, kama aliyoiona kwenye dirisha la duka Nairobi. Mama alijua kuoka kwa sufuria, makaa chini na makaa mengine juu ya kifuniko. Akakubali, ingawa kondoo pekee aliyewahi kumpika alikuwa wa mchuzi.

Niliambiwa nilinde jiko, lisiguswe na kuku wala mtu. Kuku niliwalinda vizuri sana. Lakini harufu ilinishinda nikainua kifuniko, kisha nikainua tena ili nihakikishe kwamba sikuharibu kitu. Keki ilipotoka, upande mmoja ulikuwa umebonyea kama godoro kuukuu.

"Nani amefunua hii?" mama aliuliza.

Nikaangalia kuku.

"Endelea tu kuangalia hao kuku. Tutaonana."

Alikata vipande, akaunga shingo na kichwa kwa majarini iliyopigwa na sukari ya unga. Alifanya alivyoweza, lakini kondoo wetu alikuwa juu mabegani na chini makalioni. Kisha akajaza ile sukari nyeupe kwenye pakiti ya maziwa iliyokatwa pembe, akaiminya kidogo kidogo hadi manyoya yakatokea mwili mzima. Alipendeza jamani. Kilichobaki kilikuwa macho, na mama, kwa huruma ambayo sikuistahili, akanipa kijiko cha kakao niyaweke.

Nikainama, nikavuta pumzi, nikapiga chafya.

Kakao yote ilirukia mgongo wa kondoo. Nilipopangusa, kila kidoa kikapanuka. Mama alishika kichwa. Huko njiani wageni walishasikika wakiimba kutoka kanisani, na muda wa kufanya lolote ulikuwa umeisha. Akafunika sinia kwa kitambaa, akajifuta mikono, akatoka.

Kitambaa kilipoondolewa, nyimbo zilikatika. Mabega juu, makalio chini, madoa mwili mzima. Hakuna Mkamba aliyehitaji kuambiwa ni mnyama gani. Baba mdogo alitazama viatu vyake. Anti Mwikali aliganda, mikono yote miwili nyuma ikimshika mtoto. Nilijua nimemvunja moyo, na kwamba hatacheka tena.

Susu akaizunguka meza pole pole. "Huyu si kondoo," alisema. "Huyu ni mbiti."

"Mwaitu, mama yangu, nisamehe," mama alianza.

"Nikusamehe nini? Huyu amekuwa akija hapa kwetu kula watoto. Leo sisi ndio tunamla yeye. Mwikali, shika kisu!"

Anti Mwikali alikishika. Alikata kichwa chote mara moja, akatia sikio mdomoni, akatafuna huku akitutazama. Halafu sauti ikamtoka, na mwanzoni nilidhani analia.

"Susu, kumbe ni mtamu!"

"Maliza hata mifupa!"

Alicheka hadi sukari ikamjaa kidevuni. Akafungua leso, akamtoa Mbiti, mnene, mwenye mashavu kama maandazi, akamwinua watu wote wamwone.

"Mnamwona alivyo mbaya?"

"Mbaya sana!" wanawake waliitikia, wakipiga vigelegele. Mama yangu aliketi kwenye kiti cha karibu, akashusha pumzi ndefu, akasahau kunichapa.

Kwa miaka mingi nilidhani ulikuwa mzaha wa wazee. Kisha kifungua mimba wangu akalazwa na homa ya mapafu, na asubuhi homa iliposhuka, muuguzi akasema, "Baba, una mtoto mzuri jameni."

Nikajisikia nikijibu haraka, "Mzuri wapi? Ana masikio kama popo."

Muuguzi alinitazama kana kwamba mimi ni mtu asiye na shukrani. Sikuwa nimepanga kusema hivyo. Nilimvutia mtoto blanketi hadi kichwani, kifo kisimwone, na hapo ndipo nilipojua Susu alimpenda Mbiti kiasi gani.