Sahani Iliyorudi Imejaa

Juzi jioni hapa Tunduma, ninapopanga chumba kwa sasa, binti wa mwenye nyumba alinijia mbio na simu yake mkononi.

"Mama mdogo, hebu ona. Wakorea hawa wanauza barabarani, ila huyu dada anaonyesha jinsi ya kutengeneza nyumbani."

Nikaona donge la unga likitiwa sukari na karanga zilizopondwa, likafungwa, likawekwa kwenye kikaango, kisha likabonyezwa mpaka likawa bapa. Akaniuliza kama tunaweza kujaribu. Nikamwambia alete unga wa mchele, na wa muhogo kidogo. Akabisha kwamba muhogo kwenye video haupo. Nikamwambia alete tu. Nilipolifunga donge la kwanza na kulibonyeza kwa kitako cha kikombe cha bati, likatandaa bila kupasuka popote, aliweka simu chini.

"Umejifunzia wapi?"

"Tabora."

Alicheka mpaka akajifuta machozi. Mimi pia nilicheka, lakini masikio yalikuwa yameniwaka moto, kama yalivyokuwa yakiniwaka nikiwa msichana wa darasa la tatu. Yeye nilimwacha acheke. Wewe ngoja nikueleze.

Kwetu kulikuwa Mtendeni, mjini Tabora, nyumba ya udongo iliyopakwa chokaa, yenye baraza mbele na ua nyuma. Baba alifanya kazi reli, leo yuko Kigoma, kesho Mpanda, kwa hiyo nyumba ilisimama kwa vitumbua vya mama. Mchele aliuloweka jana yake, akautwanga alfajiri, na mimi nilizoea kuamshwa na mchi kabla ya muadhini. Nazi zilikuja kwa treni kutoka pwani, na treni ilipochelewa alitumia maziwa ya wafugaji waliokuja mjini kutoka Nzega. Harufu ya iliki ilifika barabarani kabla ya vitumbua vyenyewe. Wanawake wa vijijini wakishuka na mizigo yao walisimama kwetu kwanza, wakamwamkia mama kwa kilugha, "Wangaluka, mayu!", wakala viwili viwili wakiwa wima, wakaenda sokoni.

Ilikuwa miaka ya foleni. Nawe ukiwa wa umri wangu unaikumbuka: sukari ikija duka la ushirika, balozi wa nyumba kumi anapita kugonga milango, watoto tunatumwa kuwahi nafasi, tunaweka jiwe au kikapu mahali petu. Sukari ilipokosekana kabisa mama alitia asali ya Ipole kwenye vitumbua, na watu walikula huku wakilalamika kwamba vinanukia moshi wa nyuki.

Ndipo akaja mtaalamu. Serikali ilikuwa imeleta wataalamu kutoka Korea kufundisha kilimo cha mpunga wa kumwagilia, na mmoja wao, mzee mzee hivi, alipangishiwa nyumba mtaa wa pili kutoka kwetu. Kila asubuhi alipita na baiskeli kwenda mashambani. Mtu mmoja alikuwa amemfundisha kwamba Tabora ukikutana na mtu unasema shikamoo, lakini hakumwambia nani anamwambia nani. Basi alimwamkia kila mtu, na watoto pia. Anashuka kwenye baiskeli, anavua kofia, "Shikamoo," ananiambia mimi na gauni langu la shule la kurithi. Nami nilikuwa naitikia "Marahaba" kwa sauti ndogo, halafu nakimbia.

Alipogundua kwamba vitumbua ni vya mchele, akawa hapiti bila kununua. Siku moja ya Jumapili alikuja mpaka uani, amebeba kopo tupu la bati lenye maandishi ya kwao. Mama alimpa kigoda. Kwa Kiswahili chake cha mashambani, na zaidi kwa mikono, alieleza kwamba kwao kuna kitu kinauzwa barabarani wakati wa baridi, na kwamba angependa kujaribu kukitengeneza. Akasonga unga wa mchele kwa maji ya moto, akatia karanga zilizopondwa na asali katikati, akafunga. Alipokibonyeza kwa kitako cha kopo, kikapasuka. Cha pili kikapasuka. Asali ikamwagika kwenye mafuta, moshi ukajaa uani, mama akacheka mpaka akashika ukuta. Mtaalamu akatazama mchele wetu kwenye kiganja, akatikisa kichwa. "Huyu hapana shika," akasema. Mchele wa kwao ulikuwa unanata.

Kopo akaliacha. Kesho yake mama alijaribu peke yake, akachanganya unga wa muhogo, maana muhogo ndio unaoshika. Jioni mtaalamu alipopita alimpa kimoja kwenye kipande cha gazeti. Aling'ata, asali ikamtiririka kidevuni, akafunika macho kwa mkono. Tulidhani ameungua.

"Kwetu," akasema. "Barabara ya kwetu. Baridi sana. Mama moja anauza."

Mama aliviita vya kubonyeza. Vilikuwa vitamu, sikufichi. Ukiwahi kula kimoja kikiwa cha moto, nje kinalia kakaka, ndani karanga zimelowa asali, hutaki kitumbua tena. Mama alivipenda kwa jinsi ambayo sikuwahi kumwona akipenda kitu kingine alichopika, na hapo ndipo alipokosea, kama ni kukosea. Ramadhani ilipoingia aliviweka kwenye sahani za futari.

Mtendeni ya siku zile kila nyumba ilipelekeana futari. Sisi watoto tulipishana njiani kabla ya magharibi, kila mmoja na sahani iliyofunikwa kawa, mwendo wa pole usije ukamwaga uji. Na sahani haikurudi tupu. Uliyempelekea tambi anakurudishia na ndizi, au maharage ya nazi, au hata tende mbili kama hana kitu. Kurudisha sahani tupu kulikuwa ukosefu wa adabu. Kitu kibaya zaidi ya hapo sikuwa najua kwamba kipo.

Jirani wa mlango wa pili alikuwa mshona kofia, mwanamke mrefu mwenye sindano kifuani wakati wote, rafiki wa mama tangu usichana wao. Nilimpelekea sahani yetu ya bati yenye ua jekundu, vya kubonyeza vitano juu yake. Akanipokea vizuri, akaingia ndani. Nikasikia wanawake wakinong'ona. Alipotoka, sahani ilikuwa imefunikwa vilevile na uzito wake haukupungua.

"Mwambie mama yako ahsante. Mwambie humu tumefunga."

"Na sisi tumefunga, bibi."

Akainama karibu na sikio langu. "Lile kopo la Mkorea. Mafuta gani yale?"

"Kopo lilikuja tupu, bibi. Ni la kubonyezea tu."

"Wewe mtoto," akasema, si kwa ukali. "Hujui walichokuwa wameweka."

Nilirudi barabarani na sahani imejaa. Waliokuwa barazani waliona jinsi ninavyotembea, wakajua. Mama alifunua kawa, akavihesabu vyake kwa macho, akafunika tena. Tulifuturu navyo sisi wawili, na sijui ladha yake siku hiyo ilikuwaje.

Baada ya hapo habari ilitembea kwa miguu yake. Kwamba wale watu wanakula mbwa. Kwamba kopo lilikuwa la mafuta ya nguruwe. Kwamba kikaango cha vya kubonyeza na chuma cha vitumbua vinaoshwa beseni moja, kwa hiyo hata vitumbua... Mwezi wa Ramadhani biashara ya mama ilihamia alasiri, saa ambayo mtaa mzima unatafuta futari, na sasa alasiri ile vitumbua vilibaki kwenye ungo mpaka vikapoa. Shuleni wavulana walinibwekea. Nikiingia darasani, mmoja anaanza, "Bwe! Bwe!", wengine wanadakia, na mwalimu anagonga meza huku naye anauma midomo asicheke. Nyumbani nilimwomba mama alitupe lile kopo.

"Mchele wetu, karanga zetu, asali ya Ipole," alisema. "Kikorea hapo ni nini, zaidi ya kubonyeza?"

Lakini gunia la mchele wa kulowekwa lilikuwa linaisha, na hakukuwa na cha kununulia lingine. Siku ya tatu ya unga kuchacha alitoka barazani, mbele, si uani. Alikuwa amebeba kikaango, chuma cha vitumbua, beseni, ndoo ya maji na kata, na kibakuli cha udongo aliouchota nyuma ya nyumba. Wewe uliyepita chuo cha Kurani unajua maana yake. Chombo kilichoguswa na mbwa au nguruwe kinatwahirishwa kwa kuoshwa mara saba, moja yake kwa udongo. Mama yangu, ambaye hajapika kitu cha haramu maishani mwake, alikaa kwenye kigoda mbele ya mtaa mzima akaanza kuosha.

Watu walikusanyika. Mshona kofia alisimama mlangoni kwake. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, nikiomba mvua, nikiomba treni ipige honi, chochote kitakachowafanya wageuze vichwa.

Kilichokuja ni baiskeli. Mtaalamu alishuka, akavua kofia, akawaamkia wote, "Shikamoo, shikamoo." Akaona mama anainua ndoo kwa mkono mmoja na kikaango kwa mwingine. Akaegemeza baiskeli ukutani, akachuchumaa, akachukua kata, akawa anammiminia. Alidhani ni usafi tu. Kila mama alipomwaga, yeye alichota tena, anatabasamu, "Mama safi sana. Safi sana." Mahali fulani kwenye kundi mtu alicheka puani, kicheko kikaenda mtu kwa mtu. Mtaalamu naye akacheka pamoja nao, kwa kuwa aliwaona wamefurahi.

Mama hakuinua uso. Alipomaliza ya saba alimwambia, "Ahsante, baba," akaingia ndani na vyombo vyake. Kesho yake vitumbua viliisha kabla ya adhana. Vya kubonyeza hakuvipika tena nikimwona. Mtaalamu alivingoja, akapita kwa wiki kadhaa akichungulia ungo, kisha akazoea. Mkataba wake ulipoisha aliondoka na treni ya mchana, na sisi hatukwenda stesheni.

Mimi nilimaliza sekondari nikaanza kuhama. Mpanda, Kigoma, Mbeya, sasa huku mpakani. Mama alikwishafariki niliporudi Tabora miaka michache iliyopita. Nyumba yetu ina duka la vocha. Nikapiga hodi mlango wa pili, na mshona kofia, macho yamekwisha, alinitambua kwa sauti. Akaniketisha, akamwita mjukuu, nikaletewa chai na sahani. Nikafunua kawa.

Vilikuwa vyenyewe. Hata muhogo niliusikia kwenye meno.

"Kula, mwanangu. Mama yako alinifundisha, ule mwaka sukari na ngano vilipotea kabisa. Nilipita mlango wa uani kumwomba. Akanionyesha mpaka kubonyeza." Akanisogezea sahani. "Wajukuu wanaviuza stesheni. Wanawaambia wasafiri ni chakula cha misafara ya zamani, kilikuja na Waarabu."

"Na wewe unawaambiaje?"

"Mimi? Mimi sisemi kitu."

Mama hakuniambia kamwe kwamba alimfundisha. Nilikula na macho yangu kwenye sahani, maana usoni mwa yule bibi sikuweza kutazama, na sikujua aibu ile ni ya nani kati yetu. Nilipoaga, alinifungia vilivyobaki, na sahani yake, ndani ya kitambaa. "Usije ukanirudishia tupu," akasema, na mpaka leo sijui kama alikuwa anatania au alikuwa anakumbuka.

Sikuirudisha. Mwaka jana nilipata habari kwamba amefariki. Sahani nimehama nayo, naifunga katikati ya nguo isigongwe.

Juzi, binti alipokwisha kucheka, niliitoa. Nikapanga vya kubonyeza juu yake, nikafunika kwa mfuniko wa sufuria kwa kuwa kawa sina, nikamwambia ampelekee mama yake mbele kule. Nilibaki jikoni nikisikiliza. Mtu mzima mimi, nimesimama nyuma ya mlango. Akarudi muda si muda, ananyonya kidole, akaniwekea sahani mezani: imeoshwa, inadondosha maji, tupu.

Mama angeona hivyo angesema watoto wa siku hizi hawakufundwa. Mimi niliifuta taratibu mpaka ikakauka, kisha nikaifuta tena.