Simu ya Katibu wa Maji

Kwenye kibanda changu cha kutengeneza simu mjini Meru, mhubiri nilikuwa mimi. Mteja akileta simu nilimwuliza neno lake la siri ili niijaribu nikimaliza, na akinitajia mwaka aliozaliwa, au moja-mbili-tatu-nne, nilimkemea mbele ya watu bila haya. “Sasa mama, hii hata kuku wako anaweza kufungua.” Watu walicheka, mwenye simu akacheka kuliko wote, na mwezi uliofuata akarudi na moja-mbili-tatu-nne ileile. Halafu mimi mwenyewe, baada ya kuhubiri hivyo, niliandika neno la kila mteja kwenye kipande cha selotepu ya karatasi na kukibandika nyuma ya simu yake, nisisahau. Mafundi wote tunafanya hivyo. Sikuona ubaya wake.

Mwenye jengo alikuwa mzee tuliyemwita haji. Aliuza vitambaa mlango wa pili, na kila asubuhi alitoa kiti nje pamoja na chupa ya chai ya tangawizi, watu wakakusanyika kubishana. Haji aliamini simu inatusikiliza. Siku moja alitaja magurudumu ya lori, na kabla ya magharibi simu ikamwonyesha matangazo ya magurudumu. Wengine walishikilia kwamba kura zetu zinahesabiwa na kompyuta iliyo nje ya nchi, na sisi tunapanga foleni kwa mazoezi ya miguu tu. Mimi niliamini kwamba kitu kikishatoka kwenye simu yako si chako tena. Nililisema hilo mara nyingi mno, hata haji akawa analimalizia kabla yangu.

Wiki ninayoisimulia alikuwepo pia mwanamume mmoja wa makamo, wa koti la kijivu, aliyeniletea simu isiyoshika chaji. Hakubishana. Aliuliza maswali tu, akasikiliza jibu mpaka mwisho, jambo ambalo kwenye ile baraza ya haji lilikuwa geni. Nilimpenda, niseme ukweli.

Jumatatu aliingia mwanamke kutoka kijiji kimoja mbele ya Ruiri, simu yake imefungwa kwa leso. Ilikuwa imezama ndani ya birika la kunyweshea ng'ombe.

“Niliiweka kwa maharagwe ikauke,” akasema. “Mchele haikuwa.”

Nilitaka kumtania lakini uso wake ulinizuia. Alikuwa katibu wa kamati ya kisima cha kijiji chao. Pampu ya kisima iliibwa miezi mitano nyuma, kufuli halikuvunjwa, na ufunguo alikuwa nao yeye. Tangu hapo wanawake wenzake walikuwa wakitembea hadi mtoni, na kila mtungi ukibebwa, jina lake lilitajwa.

Jumamosi alikuwa amekwenda kung'oa vitunguu kwenye shamba la tajiri mmoja aliyekuwa akitafuta kiti cha siasa, yule ambaye picha zake zilibandikwa hadi kwenye mashina ya miti. Huko, nyuma ya ghala, aliikuta pampu yao ikimwagilia vitunguu. Aliirekodi. Wazee wawili waliofanya kazi pale walisema mbele ya kamera ni nani aliyeileta. Akiondoka kwa haraka, simu ikamponyoka, ikaingia kwenye birika.

“Kwa nini hukupeleka kwa fundi wa Ruiri?”

“Huyo ni mtu wake.” Akaegemea meza. “Madam, baraza ya chifu ni Alhamisi. Nikikosa kuonyesha hiyo video, mwizi ni mimi. Watanishika.”

Nilichukua neno lake la siri, nikaliandika, nikalibandika nyuma. Halikuwa mwaka wa kuzaliwa. Nilimheshimu kwa hilo.

Jumanne saa nane simu iliwaka. Niliisafisha ndani kwa spiriti, nikabadilisha kioo, na pale picha ya kwanza ilipotokea nilipiga kelele kama niliyefunga goli. Kwenye orodha ya video niliiona ya Jumamosi, kijipicha chenye giza kisichoeleweka. Sikuifungua. Sichunguli vitu vya wateja, na hilo nilijivunia kuliko ufundi wenyewe. Nilimpigia kwenye namba ya kakake, simu ikiwa kwenye spika kwa sababu mkono mmoja ulikuwa na bisibisi na mwingine na gundi.

“Imewaka! Video yako iko!”

Alilia kidogo. Kisha akasema, “Si unitumie kwa hii ya kaka yangu? Haraka tu.”

“Zii. Haitoki hapa. Kitu ikishatoka kwa simu…”

“…si yako tena,” haji akamalizia huko nje, watu wakacheka.

“Kuja uchukue na mkono wako,” nikamwambia.

“Leo niko na mgonjwa. Kesho, saa tano hivi.”

“Kesho saa tano. Mimi siendi popote.”

Mwanamume wa koti la kijivu alikuwa amekaa kwenye benchi langu akingoja simu yake. Nilimkabidhi, akaijaribu, akanishukuru vizuri, akaenda zake.

Jumatano, haijafika saa nne, alirudi. Safari hii alikuwa na mwenzake, pande la mtu mwenye shavu lililovimba kwa miraa, ambaye hakuingia. Alisimama mlangoni na mwanga ukapungua.

“Muuga, madam,” akanisalimu Kimeru.

“Muuga. Imekataa tena?”

“Hapana, yangu iko sawa kabisa. Tumetumwa na yule dada wa maji. Tumchukulie simu.”

“Hajaniambia.”

“Si unajua ako na mgonjwa.”

“Basi nitampatia mwenyewe akikuja.”

“Saa tano, si ndio?” akasema kwa upole uleule.

Nilikumbuka sauti yangu ikijaa kibandani jana yake, nikijisifu, na yeye kwenye benchi, mikono juu ya magoti. Nilijichukia pale pale, lakini nafasi ya kujichukia haikuwepo. Macho yake yalikuwa yakipita kwenye rafu nyuma yangu, simu moja baada ya nyingine, akisoma selotepu. Ya katibu ilikuwa ya tatu kutoka kushoto, imefungwa mpira, na nyuma yake tarakimu sita kwa mwandiko wangu mzuri wa shule.

“Si ni ile?” akauliza.

Niliinyakua kabla mkono wake haujavuka meza. “Bado nakaza skrubu. Dakika mbili.”

“Tutangoja.”

Nilikaa kwenye kistuli changu cha chini, meza ikanificha hadi kifuani. Nilibandua selotepu, nikaitia mdomoni. Haikusaidia kitu. Wangeichukua simu, wangeipeleka kwa fundi wao, na nilijua jinsi fundi anavyoweza kubanwa. Niliwawaza wale wazee wawili, nyuso zao na sauti zao humo ndani. Nilijiona mimi pia, mwanamke peke yangu na lile pande la mtu mlangoni.

Nje nilimsikia haji akiburuta kiti. “Karibuni chai, wageni. Nyinyi ni wa upande gani? Ruiri? Ruiri gani, ya juu ama ya chini? Mimi gari zangu zimepita huko miaka mingi.” Aliuliza kama mtu asiye na haraka ya maisha, na mpaka leo namwombea kwa hilo.

Niliingia mahali pa kufuta kila kitu, ile njia inayoirudisha simu ilivyotoka kiwandani. Iliniuliza neno la siri. Nilikosea tarakimu moja. Nikaandika tena. Ikaniuliza kama nina hakika. Nilibonyeza, kioo kikawa cheusi, kisha kikaanza kuzungusha kiduara.

“Umemaliza, madam?”

“Inajiwasha.”

Nilipoinuka, jasho lilikuwa limelowesha mgongo wa sweta. Alipokea simu. Ilikuwa ikimkaribisha na kumtaka achague lugha.

“Umeifuta?”

“Maji iliingia kwa board,” nikasema. “Imejifuta.”

Nilingoja kofi. Badala yake alitabasamu, akaiweka mezani taratibu kama anayerudisha kikombe cha watu. “Basi mpatie akikuja. Sisi tuliona tu tumsaidie.” Wakaenda. Chai ya haji hawakuigusa.

Moyoni nilikuwa nacheza. Nilimsimulia haji mara mbili, na mara ya pili nilikuwa jasiri zaidi kuliko ya kwanza. Nilitema selotepu. “Tumewaweza,” nikasema. Kwa saa nzima nililiamini hilo.

Katibu alifika saa tano na robo, viatu vina vumbi, anacheka. Alisema jirani yake amempigia akiwa njiani: asubuhi ile pampu imepakiwa kwenye lori, imefunikwa turubai, haijulikani imepelekwa wapi. “Wacha waibebe,” akasema. “Mimi niko na video.”

Nilimwambia. Nilianza kama nilivyomwambia haji, na kadiri nilivyoendelea, ndivyo sauti yangu ilivyozidi kunipotea. Aliiwasha simu. Akabonyeza hapa na pale kwenye ule weupe usio na kitu.

“Madam, video iko wapi?”

“Nimeifuta, wasiipate.”

“Wao wangetaka video ya nini?” Hakupandisha sauti. Afadhali angeipandisha. “Pampu si ni wao wako nayo? Walikuja ndio video isikuwe.”

“Lakini wale wazee…”

“Wazee ndio waliniambia nichukue. Walivua kofia waonekane vizuri.”

Nilihangaika na kompyuta mpaka saa tisa, kwa kila programu niliyokuwa nayo na moja niliyoazima kwa fundi wa mtaa wa pili. Nilijua itakuwa bure. Simu za siku hizi zikifutwa zimefutwa, na hilo ndilo nililokuwa nikizisifia kwa wateja. Yeye alikaa kwenye benchi, pale pale alipokaa mtu wa koti, mikono imekumbatia mkoba. Sikuweza kumwangalia. Na kwa kuwa sikuweza kumwangalia, nikasema jambo ambalo sikulifikiria.

“Nitakuja kwa baraza. Nitasema niliiona.”

Akainua uso. “Uliiona?”

“Niliifungua kidogo. Kujaribu sauti.”

Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Sijawahi kushukuriwa hivyo kwa kazi yoyote niliyoifanya kweli.

Alhamisi nilifunga kibanda, nikaenda. Baraza ilikuwa kwenye uwanja wa ofisi ya chifu, wanaume kwenye viti vya plastiki, wanawake kwenye nyasi, mitungi kando yao kwa sababu wangepitia mtoni wakitoka. Tajiri hakuja. Wale wazee wawili hawakuonekana pia, na nilipouliza, mtu aliinua mabega. Kwenye mstari wa mbele nililiona koti la kijivu, na mwanamke niliyekaa karibu naye akaninong'oneza kwamba huyo ndiye anayempangia tajiri siasa zake.

Katibu alizungumza vizuri. Alieleza shamba, ghala, vitunguu, birika. Wanawake walianza kuitikia, wachache mwanzoni, kisha wengi. Aliponiita nilisimama, nikasema mimi ni fundi, simu ilikuja kwangu, niliiwasha, na ndani nikaiona video ya pampu. Nilieleza jinsi watu wawili walivyokuja kuitaka. Kelele zilipanda. Nikahisi baraza ikiinamia upande wetu, na hofu yote ya tangu jana ikaanza kunitoka.

Mwanamume wa koti aliomba ruhusa kwa chifu. Akasimama, akafunga kifungo.

“Chifu, mimi sina ubaya na madam fundi. Alinitengenezea simu yangu, ni mtu wa maana sana. Niko na swali moja tu.” Akanigeukia kwa ule upole wake, tayari kusikiliza jibu mpaka mwisho. “Hiyo pampu uliona, ilikuwa rangi gani?”

Katibu alinitazama bila wasiwasi wowote, karibu atabasamu, kwa kuwa swali lilikuwa jepesi. Nilizifikiria pampu zilizopangwa nje ya maduka ya vifaa mjini Meru. Karibu zote ni za rangi moja.

“Ya bluu,” nikasema.

Wanawake waliokaa kwenye nyasi waliguna kwa pamoja, maana kwa miaka mingi walikuwa wamechota maji mbele ya pampu ile, na hakuna hata mmoja wao asiyejua kwamba haikuwa ya bluu.