Kilango Alichokitoa Ernesto

Ernesto, seremala wa Chikongola aliyevuka Ruvuma kutoka Msumbiji wakati wa vita, alikuwa akichanganya dawa ya mchwa kwenye pipa la kulowekea mbao maji yalipokatika. Mpira wa bomba ulikuwa umezama pipani. Mara ukaanza kunyonya, na dawa nyeupe kama tui ikashuka huku anaiona.

Bomba lake na la ua wa bondeni yaliungwa pamoja. Maji ya bomba kuu la barabarani yakikatika, bomba la chini huvuta yaliyobaki kwenye la juu. Kwa ajili hiyo fundi aliweka vali, kilango cha shaba ambacho maji yakija hukisukuma kikafunguka, na yakitaka kurudi kinajifunga. Juzi Ernesto alikitoa. Aliona kinampunguzia maji, pipa linachelewa kujaa.

Akauchomoa mpira, akatimua mbio. Katika ua ule binti yake Celeste alikuwa anatolewa unyagoni.

Theresia, shemeji yake, alimzuia mlangoni. "Umepotea, shemeji? Au nawe unataka kuchezwa?"

Wanawake wakaangua kicheko.

"Celeste ameshapewa maji?"

"Haya, sikieni! Mwanamume anauliza ya ndani!"

"Maji yana sumu, Theresia!"

"Sumu gani? Nimeyakinga sasa hivi. Yana povu kidogo tu."

Kupitia upenyo wa ua wa makuti Ernesto akamwona kungwi Esperanca ameinua kata. Baba hamwoni mwali kabla hajatolewa. Akimwona, mwali hurudishwa ndani. Ernesto alisita, kisha akaupasua ua kwa bega. Alipiga kata ikaruka, akapindua ndoo zote. Miko ya kupikia ikamshukia mgongoni.

"Nani amekunywa?" alipiga kelele huku akijikinga. "Niambieni, nani?"

Theresia aliinama, akanusa tope. Akawashika mikono waliokuwa wakipiga.

"Hakuna," alisema kungwi. "Mwali ndiye huanza kunywa."

Ernesto akakaa chini palepale, kwenye matope.

"Ila umemwona, baba Celeste," kungwi aliendelea. "Anarudi ndani mpaka mwezi uandame."

"Arudi, mama. Arudi."

Theresia akabaki kulinda bomba, asikinge mtu. Nyuma ya kanga Celeste alikuwa akilia.

"Baba, na kiu yangu je?"

Ernesto akaokota madebe mawili, akashika njia ya kisimani.