Anti wa Redio

Sijui Kihispania. Hata neno la kumwomba mtu maji silijui. Lakini kuna nyimbo saba au nane za lugha hiyo ninazoweza kuimba kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kukosea, na kila nikizisikia dukani au kwenye gari la mtu, natamani kupiga kitu teke.

Nilizijifunza jikoni, katika nyumba ya mtaa wa Al-Malqa, Riyadh, ninakofanya kazi hadi leo. Redio ilikaa juu ya friji, na aliyeitawala ni binti mkubwa wa madam aliyeniajiri, msichana wa chuo kikuu. Aliingia kutafuta chai, akaifungua, akaongeza sauti, akaondoka akiniachia kelele. Stesheni aliyoipenda ilipiga nyimbo za ng'ambo tu, na mwaka ule nusu yake zilikuwa za Kihispania. Uliofika namba moja ulirudiwa mpaka ukaujua utake usitake. Unakata vitunguu, wimbo unapigwa. Unapiga pasi kanzu za baba mwenye nyumba, wimbo unapigwa.

Mtoto wangu nilikuwa nimemwacha Nakuru kwa mama yangu, ana miaka miwili. Baba yake tusimzungumzie. Alipotea nikiwa na mimba ya miezi mitano, na kwangu mimi anaweza kuendelea kupotea.

Simu yangu ilikaa kwa madam. Nilipewa Ijumaa mchana, familia ikishaondoka kwenda kula kwa nyanya yao, na nikairudisha walipoingia. Kwa hiyo nilikuwa mama kwa saa mbili kwa wiki, na miezi ya kwanza hata hizo mbili mtoto hakuzitaka. Mum anamshika, mtoto anaangalia skrini, anajinyonganyonga, anakimbilia nje.

"Kuja usalimie!" mum anaita.

"Sitaki!"

Ijumaa moja mum akaniambia, "Nikimwambia mama yake yuko mbali, analia mchana mzima. Wacha aniite mimi mama kwa sasa. Wewe atakuita anti. Ukirudi tutarekebisha."

Kwetu hilo si jambo geni. Msichana akizaa akiwa bado kwao, mtoto hulelewa na nyanya, akamwita mama, na aliyemzaa akawa kama dada mkubwa tu wa hapo nyumbani. Nawajua watu wazima walioujua ukweli siku ya kwenda kutafuta kitambulisho. Nilijua haya yote, nikiwa na akili zangu timamu na cheti changu cha sekondari cha fomu foo, na nikajibu, "Sawa, mum."

Basi siku moja nilipiga simu nikasahau kuzima redio. Wimbo uliokuwa namba moja ukaanza. Mtoto aliyekuwa ameshakimbia akarudi, akabandika uso wote kwenye skrini, akaanza kutikisa makalio. Nikaimba. Nikashika mwiko nikaimba kama mwendawazimu, na mtoto akacheka mpaka akaanguka chini. Ijumaa iliyofuata ndiye aliyemsumbua mum kuhusu simu.

Kuanzia hapo nikawa mwanafunzi. Nilikuwa namuuliza binti wa madam, "Wiki hii namba moja ni gani?"

"Kwani unaenda mashindano?"

"Nifundishe tu."

Ananifundisha akiwa amekaa juu ya meza, ananicheka. "Si hivyo! Unaimba kama umejaza mkate mdomoni."

Siku moja nikamwuliza wimbo mmoja kati ya zile tulizozipenda sana unasema nini. Akaangalia mlangoni kwanza. "Usiuimbe mama yangu akiwa karibu."

"Kwa nini?"

"Ni mambo ya mwanamume na mwanamke. Ya kitandani. Mstari wa kwanza mpaka wa mwisho."

Jumapili iliyotangulia mtoto wangu alikuwa ameuimba mbele ya watoto wenzake kanisani. Mwalimu alimwuliza mum kama hicho ni Kifaransa, na watu wazima walipiga makofi. Nilicheka nikiwa nimeinamia sinki, machozi yakichanganyika na maji ya vyombo. Nasema hivi ili ieleweke kwamba tulifurahi. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwamba tulifurahi kweli.

Lakini saa zangu mbili zikawa za nyimbo peke yake. Sikumwuliza amekula nini. Sikumwuliza kovu la gotini limetoka wapi, na nililiona. Sikumwambia lolote kuhusu mimi. Kuongea na mtoto asiyekujua ni kazi ngumu; unauliza, ananyamaza, unauliza tena, unajiona kama mtu anayebembeleza kwenye mlango wa watu. Wimbo haukuwa na aibu hiyo. Nilichukua njia rahisi nikaiita upendo.

Mkataba wangu wa miaka miwili ulipobaki na miezi miwili, tulikuwa Jeddah. Shule zikifungwa familia huhamia huko, kwenye fleti yao karibu na bahari, na mimi huhamishwa pamoja na masanduku. Jioni moja tulikuwa tunatembea kando ya maji, nasukuma kigari cha mtoto wao mdogo, madam akapunguza mwendo mpaka tukawa sambamba.

"Nyumba imekuzoea," akasema. "Ongeza mwaka mmoja. Ikama, kibali chako cha kukaa, nitakishughulikia mimi."

"Nipe mpaka Ijumaa, madam."

Sikulazimishwa. Kuna wasichana ambao kafili, mwajiri aliyewadhamini, amewakatalia kurudi kwao, na hao wana mtu wa kulaani. Mimi niliulizwa kwa adabu, nikapewa muda wa kufikiria. Ijumaa nikapiga simu na mpango wangu kichwani: mtoto akionekana mnyonge, akionekana kunihitaji hata kidogo, narudi. Akaja anakimbia. Akadai wimbo mpya. Tukaimba nyimbo tatu mfululizo, anaruka, anang'aa. Nikajiambia, huyu yuko sawa. Tunaonana kila wiki. Mwaka ni nini?

Nikamwambia mum. Akasema, "Wewe ndiye unajua."

Jumamosi asubuhi nikamwambia madam sawa. "Halas, basi," akasema, akanishika bega, akaenda kumwambia mumewe.

Mtoto alianza shule Januari, sisi tukiwa tumerudi Riyadh. Mum akanisimulia huku akicheka. Mwalimu aliwauliza watoto wa darasa la chini mmoja mmoja majina ya mama zao. Wangu akasimama, akataja jina la mum, jina lote mpaka la ukoo. Halafu akaongeza kwamba pia ana anti wa redio, yuko Saudia.

"Na wewe ukacheka?" nikamwuliza.

"Ningelia?"

"Ungemwambia mwalimu mama yake ni nani! Na mwaka jana ungeniambia mimi nisiongeze mkataba!"

"Ningekuambia saa ngapi?" Sasa na yeye alikuwa amekasirika. "Ijumaa wewe huongei. Unaimba tu."

Nikamwambia anipe mtoto.

"Anti, imba."

"Leo siimbi. Mimi si anti yako. Mimi ndiye mama yako."

Akageuza kichwa. "Mama yuko hapa."

"Huyo ni shosho, nyanya yako. Sema mama."

"Imba kwanza."

"Sema mama kwanza."

Mimi, mtu mzima, nikabishana bei na mtoto wa miaka minne. Akapiga kelele, "Mama! Huyu anti ameharibika!" Akaiacha simu pale sakafuni.

Ijumaa tatu akakataa kuja. Redio ya jikoni niliizima, na binti wa madam aliponiuliza nini mbaya nikamwambia kichwa kinauma. Nilisugua jiko mpaka alama za kuwashia zikafutika, nikagombezwa, nikastahili.

Ijumaa ya nne nikamwambia mum aiweke tu simu mezani, asimwite mtu, aendelee na mapishi yake. Sikuona kitu ila mabati ya paa. Nikaanza kuyasimulia mabati siku niliyojifungua. Kwamba ilinyesha, na pikipiki iliyonibeba ikazima mara mbili njiani, na mwenye pikipiki aliogopa kuliko mimi. Kwamba wodini tulilala wawili kitanda kimoja, miguu yangu kichwani kwake, na huyo mwenzangu akala mkate wangu nilipopelekwa kujifungua. Sauti yangu ilikuwa ngeni hata kwangu. Nilikuwa sijawahi kumwambia mtu yeyote habari hizi, sembuse mtoto mwenyewe.

Nikasikia kiti kikiburutwa. Jicho moja likatokea pembeni mwa skrini.

"Nani alikula mkate?"

"Yule mwanamke tuliyelala naye."

"Wote?"

"Wote. Hata makombo."

Akafikiria. "Na mimi nilikuwa wapi?"

"Tumboni kwangu. Halafu ukatoka."

Hakubisha, na hakukubali. Sufuria ikagonga huko nyuma. Mum alikuwa amesimama anasikiliza, namjua.

"Nilikuwa na nywele?"

"Nyingi. Nesi alishangaa."

"Nyingi aje?"

Nikamwonyesha kwa mkono, zilivyoshuka mpaka karibu na nyusi. Akagusa uso wake mwenyewe, mahali pale pale.

Imebaki miezi saba nirudi, na sijui kama miezi saba inatosha. Siku hiyo mum alimwita chakula kimeiva, na mtoto akaniambia kesho nimwambie tena ile ya mkate.

"Kesho sina simu," nikasema. "Ijumaa."

"Sawa, anti," akasema, akaenda kula.